Muulize Mkunga: Maudhi ya Vidonge vya Majira

Katika toleo lililopita nilijibu kwa mistari michache swali la msomaji mmoja wa Dodoma mjini aliyetaka kujua kama vidonge vya majira, yaani vile vya kuzuia mimba vinavyomezwa kila siku, vinaweza kumletea mtu kichefuchefu, nikasema kwamba ndiyo, na kwamba kwa kawaida hali hiyo hupita. Jibu lilikuwa sahihi lakini lilikuwa fupi mno, na wasomaji wameniambia hivyo waziwazi. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kutoka mjini, Kongwa, Mpwapwa, Kibaigwa na Hombolo, na karibu kila aliyeandika anaeleza jambo lililompata mwilini ambalo hakuna aliyemwandaa nalo. Ukurasa wote wa mwezi huu ni wao. Majina nimeyaacha, kama ilivyo kawaida yetu.

*Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 26 na watoto wawili. Nilianza vidonge vya majira miezi miwili iliyopita. Nilipopewa pakiti niliambiwa tu nimeze kimoja kila siku na nisisahau. Wiki za mwanzo nilikuwa nasikia kutapika asubuhi kama mwenye mimba, matiti yakawa yanauma, na katikati ya mwezi nikawa natokwa na matone ya damu. Jirani yangu akaniambia kwamba vidonge havisagiki, vinajazana kwenye kizazi mpaka vinakuwa uvimbe. Niliogopa nikaviacha, leo ni siku ya sita. Pakiti nimeificha kwenye debe la unga kwa sababu mume wangu anajua bado ninameza. Je, nimeshajiharibu?* — Mama wa watoto wawili, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Hujajiharibu. Lakini kwa siku hizo sita huna kinga yoyote, kwa hiyo kuanzia leo tumieni kondomu, na kama mmekutana bila kinga katika siku tatu zilizopita, nenda leo hii kituo cha afya au duka la dawa ukaulize vidonge vya dharura. Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza kabla ya kuanza dawa yoyote. Ukithibitisha kwamba huna mimba, unaweza kuanza pakiti mpya siku yoyote, ila uendelee na kondomu kwa siku saba za mwanzo.

Sasa nije kwa jirani yako, ambaye naamini alisema kwa nia njema, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia tangu nilipoanza kazi. Zamani, tulipokuwa tukienda vijijini kwa huduma ya mkoba, nilikuwa nikibeba glasi moja na pakiti iliyokwisha muda wake. Akina mama wakishakaa chini ya mti nilimwomba mmoja wao atumbukize kidonge kwenye maji ya uvuguvugu, kisha tukaendelea na mazungumzo. Ganda la sukari ndilo lililotangulia kuondoka, maji yakaanza kuwa na ukungu, na mwisho pale chini ya glasi ilibaki tope nyepesi ya unga ambayo ukitikisa kidogo huioni tena. Glasi ilizungushwa kutoka mkono hadi mkono. Kidonge unachomeza husagika tumboni kama chakula, dawa iliyomo huingia kwenye damu, hufanyiwa kazi na ini na kutolewa nje kwa mkojo na choo, na ndiyo maana unalazimika kumeza kingine kesho yake. Kingekuwa kinajazana, kisingehitajika kila siku. Na njia ya chakula haina mlango wa kuingilia kwenye kizazi.

Uliyoyapata wewe ni kweli, na yana sababu. Vidonge vingi vinavyotolewa kwetu vina homoni mbili, estrojeni na projestini, ambazo hulizuia yai lisipevuke na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito. Mwili ambao haujazoea kiwango hicho kila siku hulalamika, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye malalamiko mengi zaidi: kichefuchefu, matiti kujaa na kuuma, kichwa kuuma, na matone ya damu nje ya siku za hedhi. Vidonge vya kwanza kabisa, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1960, vilikuwa na homoni nyingi mara kadhaa kuliko vya leo, na wanawake wa wakati ule waliteseka zaidi. Kupunguzwa kwa kiwango kumepunguza mateso, lakini pia kumefanya ukuta wa kizazi usishikamane vizuri mwanzoni, na hapo ndipo matone yanapotoka, hasa mtu akichelewa au akisahau kidonge.

Ukiamua kuendelea, meza usiku baada ya kula, saa ileile kila siku. Mkiwa na desturi ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, pakiti ikae karibu na redio badala ya kwenye debe la unga. Vile vidonge saba vya rangi ya kahawia mwishoni mwa pakiti ni vya madini chuma tu, na ni katika siku hizo hedhi inakuja. Miezi mitatu ikipita na bado unateseka, au hata kabla ya hapo ukiona huwezi kuvumilia, rudi ubadilishiwe. Una haki ya kubadilishiwa aina ya vidonge au njia nzima, na huhitaji kutoa udhuru.

Naomba wenzangu tuliovaa sare hii mnivumilie kwa neno moja. Tumezoea kuyaita mambo haya maudhi madogo madogo. Kwenye kitabu cha mafunzo ni madogo, maana hayaui. Lakini mwanamke anayeamka saa kumi kuchota maji, akapika, akaenda shambani huku anasikia kutapika na nguo yake ina damu isiyo na siku, hawezi kuyaona madogo, na akisikia tukiyaita hivyo anajua hatujamsikia. Haongei tena. Anaficha pakiti kwenye unga, na miezi michache baadaye tunampokea kliniki ya wajawazito akiwa na mimba asiyoipanga. Mama huyu angeambiwa siku ya kwanza, kwa dakika tano tu, kwamba anaweza kusikia kichefuchefu na kuona matone, yasingemtisha. Kinachonihuzunisha katika barua yake ni kwamba hofu yake yote ilitokana na kutoambiwa.

*Mama, mimi ni mkulima wa zabibu, nina miaka 38. Nimetumia vidonge miaka minne bila shida. Mwezi uliopita nilipimwa presha nikaambiwa ni 150 kwa 95. Sasa tangu juzi mguu wa kushoto umevimba chini ya goti, nyuma panauma na pana joto, nikikanyaga ndiyo zaidi. Nadhani ni kuinama kwenye mizabibu. Je, nikande kwa maji ya moto?* — Msomaji, Hombolo

Swali hili halikuweza kusubiri gazeti lichapishwe. Dada huyu aliacha namba ya simu, nikampigia saa ileile nikamwomba aache kukanda, asimeze kidonge cha usiku ule, na aende hospitali siku hiyohiyo. Alikwenda. Kipimo cha picha kilionyesha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, akaanza matibabu, na ameniruhusu niyaandike haya kwa ajili ya wengine.

Estrojeni iliyomo kwenye vidonge vya homoni mbili huongeza uwezekano wa damu kuganda. Sitaki kumtisha mtu, kwa hiyo nitaje hesabu yenyewe: katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, wapatao wawili hupata tatizo hili kwa mwaka, katika wanaotumia aina ya kawaida ya vidonge hivi, ni watano hadi saba. Ujauzito wenyewe na wiki za baada ya kujifungua huleta hatari kubwa kuliko hiyo. Ni jambo la nadra, lakini likimpata mtu linaweza kumuua, kwa sababu bonge la damu likichomoka mguuni huweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Kwa hiyo anayemeza vidonge hivi akisikia mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma ya ugoko, kifua kinachoma au pumzi inakata ghafla, kichwa kinauma kwa namna ambayo hajawahi kuiona, macho yanapoteza nuru, upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, au tumbo linauma vikali, asingoje miezi mitatu ya kuzoea wala asiniandikie mimi. Aende hospitali.

Na presha ile ya 150 kwa 95 ilikuwa sababu ya kutosha ya kumbadilishia njia siku ileile ilipopimwa. Mwenye presha ya juu, mwenye umri wa miaka 35 au zaidi anayevuta sigara, aliyewahi kugandiwa damu, na mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli au mistari mbele ya macho, hawafai kupewa vidonge vyenye estrojeni. Ukienda kuchukua vidonge bila kupimwa presha wala kuulizwa mambo haya, sema mwenyewe: naomba nipimwe presha kwanza.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa bodaboda. Mke wangu alijifungua miezi minne iliyopita, ananyonyesha, na alianza vidonge mtoto akiwa na miezi miwili. Tangu hapo amekuwa mkimya, analia bila sababu, hana hamu na mimi kabisa. Mama yangu anasema vidonge vimemvuruga na vitamfanya asizae tena. Nimwachishe?* — Baba wa mtoto mmoja, Chang'ombe

Marahaba baba. Nimefurahi kwamba umeuliza badala ya kugomba, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nalijua kwa mwili wangu.

Mwaka 1994, baada ya mtoto wangu wa pili, nilitumia vidonge nilivyokuwa nikiwapa wengine kila siku. Mwezi wa pili nilianza kulia. Nakumbuka jioni moja nilikuta khanga yangu imechanika pindoni, uwazi usiozidi kidole, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikaishika ile khanga na kulia hadi mtoto mkubwa akaja kuniuliza nani amekufa. Nilikwenda kwa mwenzangu wa kazi kueleza, akanijibu kwamba mimi ni muuguzi, nayajua haya, nivumilie. Nikavumilia miezi mitano. Nilipobadilisha na kuweka kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni yoyote, baada ya wiki chache nilijiona nimerudi. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge peke yake. Nilikuwa na mtoto mchanga, silali, na mume wangu alikuwa kazini mbali. Lakini najua nilivyokuwa, na najua kwamba nilipewa jibu la kunifunga mdomo.

Wanawake wengi humeza vidonge hivi bila moyo wao kubadilika. Wapo wachache ambao hupata huzuni, hasira za karibu, au kupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa, na mwanamke akisema kwamba tangu aanze anajisikia hivyo, inatosha kumsikiliza na kumbadilishia. Lakini kwa mkeo kuna mambo mawili mengine ya kuangalia. La kwanza, mama aliyejifungua karibuni anaweza kupata sonona ya baada ya uzazi hata kama hajameza kidonge hata kimoja. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Kama anasema hana faida ya kuishi, au anamwogopa mtoto, au anakosa usingizi hata mtoto akilala, mpeleke hospitali bila kuchelewa. La pili, mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita kwa kawaida hapewi vidonge vya homoni mbili, kwa kuwa estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Viko vidonge vya homoni moja, projestini peke yake, vilivyotengwa kwa ajili yao. Chukua pakiti, nenda naye, muulizeni mhudumu ni aina gani. Msiache tu nyumbani kimyakimya, kwa sababu unyonyeshaji haumkingi mama kiasi ambacho watu wanadhani, hasa mtoto akishaanza kupewa uji au hedhi ikirudi.

Kuhusu uzazi, mwambie mama yako kwa heshima zote kwamba vidonge havifungi kizazi. Mwanamke akiviacha anaweza kushika mimba mwezi huohuo. Nadhani anachanganya na sindano ya miezi mitatu, ambayo kweli huchelewesha. Baada ya sindano ya mwisho mtu anaweza kungoja karibu mwaka kabla ya kupata mimba, lakini hata huko uzazi hurudi.

*Mama, mimi ni mwalimu, nina miaka 33. Nilikuwa naumwa tumbo la hedhi mpaka nashindwa kusimama mbele ya darasa. Vidonge vimenisaidia sana, hata damu imepungua. Lakini usoni nimetoka madoa ya kahawia, mashavuni na juu ya mdomo. Watu wananiuliza nimejichubua na nini.* — Mwalimu, Kongwa

Ninyi wanawake wa Kongwa mnajua jua lenu, na jua hilo lina sehemu yake hapa. Estrojeni huamsha rangi ya ngozi ya uso, kama inavyofanya kwa wajawazito, kisha jua huikoleza. Anza kwa kujikinga: kofia pana au mwavuli kila utokapo, na mafuta ya kukinga jua kama unayapata. Usiguse krimu za kung'arisha, kwa kuwa nyingi zina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini, na zitakuacha na madoa mabaya kuliko hayo. Madoa hufifia polepole mtu akiacha estrojeni, kwa miezi mingi, na kwa wengine hayaishi yote. Kama yanakukera, zungumza na mhudumu kuhusu njia ya projestini peke yake, maana nyingine hupunguza damu na maumivu pia. Kitanzi cha shaba kwa hali yako sikishauri, kwa sababu kinaweza kurudisha damu nyingi na lile tumbo. Lakini kama madoa unaweza kuishi nayo na maumivu yale huwezi, endelea na vidonge vyako bila kujilaumu.

*Dada mkunga, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mwezi huu nimemeza P2 mara tatu na hedhi imevurugika kabisa. Ni hatari?* — Mwanafunzi, Dodoma

Haitakuharibu kizazi, lakini inakukinga vibaya. P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, huchelewesha yai kutoka; imewekwa kwa ajili ya dharura ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na haikukingi kwa tendo la siku zinazofuata. Dozi yake moja ni homoni nyingi kwa mpigo, ndiyo maana hedhi yako haijui siku yake. Pima mimba, kisha chagua njia ya kawaida ya kutumia wakati wote kwenye kituo cha afya. Huduma hutolewa bure katika vituo vya serikali. Na kondomu iwepo, kwa sababu hakuna kidonge cha uzazi kinachokinga virusi vya UKIMWI.

Msomaji wa Mpwapwa aliyeuliza kama anaweza kuendelea na vidonge akiwa kwenye matibabu ya kifua kikuu: hapana. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini limalize homoni haraka, kwa hiyo vidonge na vijiti vya kuwekwa mkononi hupungua nguvu kwa muda wote wa dozi na wiki nne baada yake. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi vinakufaa. Hivyohivyo kwa wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini. Mtajieni mhudumu kila dawa mnayokunywa.

*Habari za kazi mama. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi. Msimu ukifika nalala sokoni siku mbili tatu na pakiti imebaki nyumbani. Nikirudi nimeze vyote kwa pamoja?* — Mfanyabiashara, Kibaigwa

Nzuri mama. Usimeze vyote, utatapika bure. Ukisahau kimoja au viwili, meza kimoja mara tu unapokumbuka, kisha endelea kama kawaida, hata kama siku hiyo itakuwa na vidonge viwili, na kinga yako bado ipo. Ukisahau vitatu au zaidi, meza kimoja mara moja, endelea kila siku, na mtumie kondomu mpaka utimize siku saba mfululizo za kumeza. Kama mlikutana katika siku ulizosahau, uliza kuhusu P2. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudia kingine. Vile vya kahawia ukivisahau, vitupe tu, haviharibu kitu. Na kama vitatu hivyo umevisahau katika wiki ya tatu ya pakiti, maliza vyeupe vilivyobaki, yaani vyenye homoni, usiguse vya kahawia, na kesho yake ufungue pakiti mpya, ambayo safari hii naomba ukae nayo kwenye mkoba uleule unaowekea fedha za mahindi.